Gari Halijizimi

Jumanne, saa nne asubuhi, gari la shule ya udereva lilizima juu ya kivuko cha watembea kwa miguu, mbele ya lango la soko. Kwenye usukani alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na saba, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kola. Pembeni yake alikuwa mkewe. Lakini sharti la kwanza la shule ile lilikuwa kwamba ndani ya gari hakuna mume wala mke. Kuna Mwalimu na mwanafunzi, basi.

"Umefanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Sijafanya kitu. Limezima lenyewe."

"Gari halijizimi. Gari linazimwa."

Maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ofisi yake, herufi kubwa kubwa, na aliyeyaandika siku shule ilipofunguliwa ni mume huyo huyo, akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, anapiga mluzi kwa furaha. Mtu huchimba shimo lake bila kujua. Sasa alishika ufunguo, akawasha, gari likatetemeka, likazima tena.

"Klachi! Nimesema mara ngapi? Mguu wako mzito kama gunia la chumvi!"

Kwenye kiti cha nyuma alikuwepo muuguzi wa zahanati, mwanafunzi mwingine aliyekuwa akisubiri zamu yake. Yeye aligeuza uso dirishani kwa adabu, akajifanya anasoma bei za vitunguu. Bibi mmoja mwenye kikapu cha nyanya hakuwa na adabu hiyo. Aliinama akachungulia ndani.

"We binti, mbona unamgombeza mtu mzima hivyo? Kama chuma kimechoka si mseme tuwasukume?"

Wakasukumwa. Wachukuzi wanne wa soko waliliegemea gari, mmoja akauliza kwa sauti kama huyo dereva ni yule wanayemwita Zimamoto, na mwenzake akajibu kwamba ndiye, si unaona kazi yake? Jina hilo wanafunzi wenzake walikuwa wamempa wiki tatu nyuma, kwa kuwa hakuna moto wa injini ambao mguu wake haukuuzima. Mwanamume alikaza macho mbele. Alikuwa amejikaza kisabuni, lakini masikio yalikuwa yamemwiva.

Na si kwamba alikuwa anajifunza kwa kujifurahisha. Ghala alilolitunza miaka kumi na tisa lilifungwa miezi minane iliyopita. Tanuri la mikate lilikuwa limemwahidi kazi ya kusambaza mikate kwa gari, na mwenye tanuri alimwambia waziwazi, "Jumatatu uje na leseni. Usije na maelezo." Mtihani wa barabarani alishafeli mara mbili, na mara zote mbili gari lilizima mtahini akiwa ndani. Mara ya tatu ni Ijumaa. Ukifeli mara ya tatu, unakaa nusu mwaka ndipo uruhusiwe kuanza upya, na mikate haimsubiri mtu nusu mwaka.

Nyumbani, alasiri hiyo, wifi alikuwa barazani akimsuka jirani nywele. Huyu ni dada wa mwanamume, msusi, amekaa nao mwaka wa tano sasa, na mdomo wake una makali kuliko wembe anaokatia nyuzi. Mwalimu aliingiza gari uani kama kawaida yake: kabla hajafika langoni alishazima injini, gari likaserereka lenyewe kimya mpaka chini ya dirisha la jikoni. Ndivyo alivyofanya kila mahali, kwenye taa, dukani, kwenye foleni. Mafuta si maji ya mvua, alisema. Mguu wake ukiwa kwenye breki, mkono ulikuwa tayari kwenye ufunguo.

"Leo amezima mara ngapi?" wifi aliuliza, maana kaka yake alishapita kuingia ndani bila salamu.

"Sitaki hata kuhesabu. Wifi, sijui nimekosea wapi. Nina wanafunzi tisa, na hakuna hata mmoja mwenye mguu. Tisa! Wote wanazima."

"Wote?"

"Wote."

"Hata yule muuguzi?"

"Yule ndiye usiseme."

Wifi aliacha kusuka. Jirani akabaki na nusu ya kichwa imesimama. "Wifi yangu," alisema, "kama watu tisa hawana miguu, basi wewe huna shule, una hospitali ya mifupa."

Jirani alicheka, akaona uso wa Mwalimu, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema, nataka kuona. Nenda ukalikalie gari lako. Liwashe uliache lingurume, usilishike. Dakika mbili tu. Likikaa dakika mbili, mimi nitakuoshea vyombo mwezi mzima na nitamwita kaka yangu Zimamoto kwa mdomo wangu huu."

Mwalimu alikuwa mwanamke wa haki, nitamtetea hapo. Lakini alikuwa na kiburi pia, na gari lile ndilo alilolinunua kwa jasho lake, la kwanza maishani mwake. Kwa miaka sita lilikuwa limetoa madereva wa malori na wa magari ya wagonjwa, na kulisema vibaya mbele yake ilikuwa kama kumsema vibaya mtoto wake. Alikwenda akaketi, akawasha. Injini ikanguruma vizuri tu.

"Unaona?"

"Naona mguu wako," wifi alisema. "Uko juu ya mafuta."

"Haupo."

"Upo, unakanyaga kidogo kidogo kama mtu anayepiga cherehani. Utoe."

Kweli ulikuwepo, na mwenyewe hakujua. Akautoa. Gari likaanza kutikisika.

"Huo mwingine nao."

"Huu uko chini tu!"

"Toa nje yote miwili. Geuka. Hivyo."

Basi, mwalimu wa udereva wa miaka sita akageuka kitini, mlango wazi, miguu yake yote miwili ikining'inia nje na kandambili zake, mikono mapajani. Gari lilitetemeka, likakohoa, likashuka sauti. Likazima.

Aliwasha tena, akarudisha miguu nje haraka kama aliyeungua. Likazima. Mara ya tatu aliweka na mikono nje. Likazima.

"Sasa hapo," wifi aliuliza, naye hakuwa na huruma hata punje, "aliyelizima ni mguu wa nani? Wa jirani?"

Jirani alisema yeye hajagusa kitu. Na kwenye dirisha la jikoni, kikombe cha maji mkononi, alikuwa amesimama mume wa Mwalimu. Alikuwa ameona tangu mwanzo. Mwalimu aliinua macho wakatazamana. Mwanamume alikunywa maji yake taratibu, akaondoka dirishani. Afadhali angecheka.

Asubuhi yake walimwita Fundi Polepole. Jina hilo hakulichukia. Alisema mafundi wa haraka ndio wanaompa kazi, kwa sababu yeye huja baada yao. Alilizunguka gari mara mbili, akaomba liwashwe, akasimama amefumba macho. Kisha akaingia ndani, akatazama dashibodi, akakwaruza kitu kwa ukucha.

"Mama, hii ni nini?"

Ilikuwa plasta. Plasta ya kidonda, imebandikwa vizuri mahali penye taa ya injini.

"Ilikuwa inawaka kila mara," Mwalimu alisema, sauti ikimpungua. "Ilikuwa inawashtua wanafunzi. Kwa hiyo yule muuguzi..."

"Akaitibu."

"Akanipa plasta, ndiyo."

Fundi aliibandua. Taa ya manjano ikatoka chini yake, inang'aa. "Imekuwa ikikuita tangu lini?"

"Miezi mitatu hivi."

Fundi aliikunja plasta akaiweka mfukoni, nadhani akamwonyeshe mtu. Alichomeka kijimashine chake chini ya usukani, akasoma namba ya hitilafu, akakichomoa. "Inataja njia ya moshi unaorudi. Lakini mashine hii ni kama mpita njia ukimuuliza njia. Anakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. Sasa nielezeni. Linazima lini?"

"Wakiachia klachi..." Mwalimu alianza.

"Hapana," alisema mumewe.

Alikuwa amesimama nyuma ya gari, mikono mifukoni. Aliposema hilo fundi aligeuka akamtazama yeye, na hakumtazama tena mwingine.

"Asubuhi likiwa baridi halizimi," mwanamume alisema. "Likishapata joto ndipo linaanza. Tukiwa mwendoni halina neno, linavuta kama kawaida. Linazima tunapopunguza mwendo ili kusimama. Nikiwa nimekanyaga klachi mpaka chini, sijaiachia bado, mshale wa kasi ya injini unashuka tu, unashuka, kisha kimya. Nikiligusia mafuta kidogo kwa ncha ya kiatu huku nimeshika breki, linaishi. Lakini hiyo hairuhusiwi. Mwalimu amekataza."

"Bwana," fundi alisema, "umenipunguzia nusu ya kazi. Mbona hukusema mapema?"

"Nilisema."

"Ukaambiwaje?"

"Mguu."

Mwalimu aliokota kitambaa akaanza kufuta kioo cha pembeni kilichokuwa safi. Alikuwa anaona aibu, aibu ya kweli. Mtu wake alikuwa ameketi pembeni yake wiki kwa wiki, akiona kila kitu, akikumbuka kila kitu kama alivyokuwa akikumbuka kila gunia la ghala lake, na yeye alikuwa akimpigia kelele katikati ya barabara.

Fundi alifungua boneti. Nyuma ya injini, pamejificha, palikuwa na kidude cha chuma chenye ukubwa wa ngumi, kimefungwa kwa bolti mbili, bomba likikiingia kutoka kwenye ekzosi. Aliomba injini iwashwe, mwanamume ashikilie mafuta kidogo, kisha aachie. Gari lilipoanza kutetemeka, fundi alikigonga kidude kile kwa mpini wa bisibisi: ko, ko, ko. Injini ikatulia ghafla, ikanguruma sawasawa. Wote wakaangaliana. Halafu ikaanza tena kutetemeka.

"Nyumba tumeipata," alisema Fundi Polepole.

Alikifungua, akakigeuza kwenye kiganja. Ndani kulikuwa na masizi meusi yaliyoganda kama ukoko wa sufuria. "Hii ni vali ya kurudisha moshi," alieleza. "Gari likiwa mwendoni, inafunguka, inarudisha moshi kidogo ndani ya injini ili moto usiwe mkali mno na hewa isichafuke sana. Gari likisimama, inatakiwa ifunge, moshi usiingie kabisa, maana hapo injini inapumua kidogo tu. Hii yako imekwama wazi. Gari likisimama linavuta moshi wake lenyewe. Mlaze mtu mumfunike blanketi mpaka kichwani, mtaona kama ataamka."

"Si uisafishe tu?" wifi aliuliza kutoka barazani, maana kazi ya watu haikumpita.

Akaisafisha. Alipulizia dawa, akakwangua, akasugua kwa mswaki wa zamani, masizi yakamwagika kwenye gazeti. Kisha akaubonyeza ufito wa katikati kwa kidole akauachia. Ulitakiwa uruke urudi. Ulirudi nusu, ukakaa.

"Springi imelegea," alisema. "Nikiirudisha hivi, kesho itakaa vizuri, na Ijumaa sijui. Wapo wanaoziba tundu kwa kipande cha bati wakakuambia imepona. Gari litakaa, lakini taa haitazimika, injini itapata joto kuliko kawaida, na moshi mbaya tutauvuta sisi. Mimi siwezi kuziba kitu ambacho mwenye kukiunda alikitoboa kwa makusudi. Itafutwe nyingine."

Vali mpya haikuwa na bei ya kuchekesha. Mwalimu alikuwa ameweka akiba ya kupaka rangi ofisi na bango jipya la shule. Aliingia ndani, akatoka na bahasha, akampa fundi bila kuifungua. "Bango litangoja," alisema. "Kwanza lile neno lililo ukutani nimelichoka."

Ilipatikana Alhamisi mchana, duka la nne. Fundi alichomoa waya wa betri, akakwangua mdomo wa bomba mpaka chuma kikaonekana, akaweka gasketi mpya. Kisha akampa mwanamume spana.

"Kaza wewe. Kidogo huku, kidogo kule, zifuatane. Ukikaza moja mpaka mwisho inakaa upande."

"Mimi?"

"Aliyemjua mgonjwa ndiye amfunge bandeji."

Alikaza, kidogo huku, kidogo kule, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo. Mwalimu alisogea kusema kitu kuhusu namna ya kushika spana. Wifi alimvuta kanga. Akanyamaza, na kwake yeye kunyamaza kulikuwa kazi kuliko ile ya bolti.

Waliliwasha, wakaliacha lipate joto. Hakuna aliyekuwa ndani. Fundi alifuta namba kwenye kijimashine, taa ikazimika. Akaweka kikombe cha chai juu ya injini, na chai haikuchezacheza. Dakika mbili zikapita, tano, saba. Gari linanguruma tu, peke yake, kama paka aliyeshiba. Hapo Mwalimu alishindwa kuvumilia. Aliunyoosha mkono dirishani kuufikia ufunguo, maana mafuta si maji ya mvua.

"Liache," alisema mumewe.

Akaliacha.

Jioni hiyo aliwapigia simu wanafunzi wote wanane. Msamaha, masomo ya bure, kosa ni langu. Mwanafunzi mmoja alidai awekewe kwa maandishi. Mwingine alifurahi hata akalia, kwa sababu alikuwa ameshanunua viatu jozi tatu akidhani ni soli. Muuguzi alisema, "Mwalimu, na plasta ile nilikupa mimi," wakacheka wote mpaka salio likakaribia kuisha. Wanane! Kila mmoja aliombwa radhi kwa jina na kwa kirefu. Wa tisa alikuwa sebuleni, hatua sita kutoka alipoketi, anasoma kitabu cha alama za barabarani. Mwalimu alisimama mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama anataka chai. Mara ya pili aliuliza kama chai ina sukari. Watu wa mbali unawaomba msamaha unakata simu. Huyu wa ndani utamwona tena asubuhi, na kesho kutwa, na hilo ndilo lililomshinda.

Ijumaa mtahini alikuwa yule yule aliyemfelisha mara mbili, mtu mwembamba mwenye ubao wa kuandikia na uso usiotoa habari. Alipomwona mwanamume, aliguna.

"Wewe tena."

"Mimi tena, mzee."

Mwalimu na wifi walibaki nje ya uzio wa uwanja wa mtihani, wakishika nyaya. Gari liliondoka, likafika kwenye mstari wa kwanza wa kusimama. Likasimama. Mwalimu aliacha kupumua. Halikuzima. Likazunguka, likarudi nyuma katikati ya nguzo, likafika kwenye kile kilima ambacho ndicho kaburi la wanafunzi wengi: unasimama katikati, nyuma yako wameweka debe tupu, ukiondoka usirudi hata shubiri. Likasimama kilimani.

"Nimefumba macho," Mwalimu alisema. "Niambie."

"Fumbua, mimi si redio."

Gari lilipanda bila kurudi hata unywele, bila kuruka, bila kunguruma kwa hasira, kama linavutwa kwa kamba ya hariri. Debe halikuguswa. Kisha likatoka langoni kuingia barabarani, na dakika ishirini zilizofuata ni za Mwalimu na nyaya zile, sitaki kuzielezea.

Waliporudi, mtahini alishuka, akaandika, akageukia uzio.

"Mwalimu wake ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kilima kile nimewatahini madereva wa malori wakakishindwa. Nimemuuliza huyu mguu mwepesi hivi kaupata wapi. Anasema amefundishwa na gari linalokufa." Alimpa mwanamume karatasi. "Sikumwelewa, lakini amefaulu."

Wifi alipiga kigelegele hata mtahini akaangusha kalamu. Aliruka uzio pale ulipolegea, akamkumbatia kaka yake, akamwacha na alama ya rangi ya mdomo kwenye shati la mtihani. Mwalimu alipita langoni kama watu wengine. Alikuwa ametunga maneno tangu usiku, maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Alipofika mbele ya mumewe alisema, "Hongera."

"Ahsante," alijibu. Akamfungulia mlango wa nyuma.

"Nyuma?"

"Mbele anakaa wifi yako. Kiti cha nyuma ndicho cha anayesubiri zamu."

Akaingia nyuma. Miaka sita hakuwahi kuketi pale. Aligundua kwamba kitambaa kimechanika na kwamba kutoka hapo mtu husikia kila neno linalosemwa mbele. Mumewe aliendesha, mikono imetulia, mpaka kwenye taa za barabara kuu. Taa ikawa nyekundu. Gari likasimama, likawa linanguruma.

Maneno yale mazuri yote yalikuwa yameshampotea. Yalibaki machache.

"Baba watoto," alisema. "Nisamehe. Ulikuwa unaniambia kweli, nikakuaibisha."

Mwanamume alitazama mbele. Wifi aliuma ncha ya mtandio wake. Kwenye gari la jirani dereva alikuwa ameshusha kioo, na kwa jinsi alivyogeuka, naye alikuwa amesikia.

"Unasemaje?" mumewe aliuliza. "Sikusikia vizuri. Injini inanguruma."

Akayaona macho ya mumewe kwenye kioo, na yale macho yalikuwa yanacheka, kwa mara ya kwanza tangu ghala lifungwe. Basi akajisogeza mbele katikati ya viti viwili, akapaza sauti ile ile aliyozoea kuwafokea watu, akaanza upya: ulikuwa unaniambia kweli, mbele ya watu sokoni, mbele ya wanafunzi, kila siku, nami nikakuita mguu mzito, na mguu wako haukuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, nisamehe. Taa ikawa ya kijani akiwa katikati ya maneno. Mumewe hakuondoa gari mpaka alipomaliza.